Zipu Mgongoni mwa Mfalme

Kipindi cha kwanza kabisa, mfalme alipowageuzia wasaliti mgongo, nikaiona zipu.

"Zipu!" nikapiga kelele, mguu ukaacha kukanyaga cherehani. "Mama, mfalme ana zipu mgongoni!"

"Ana nini?"

"Zipu. Ya plastiki. Nyeupe, kwenye joho jeusi. Miaka elfu nzima kabla zipu hazijazaliwa, na aliyeishona hakuhangaika hata kutafuta rangi inayofanana!"

"Nimekuuliza mfalme anafanya nini, sikukuuliza amevaa nini," akasema mama mkwe wangu. "Nyamaza na zipu zako. Simulia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye televisheni kama mtu anayeota moto. Mimi kwenye cherehani, jicho moja kwenye mshono, jingine kwenye mchezo. Mchezo wenyewe unaitwa Upanga Usiolia, wa Kichina, wa mapanga na majoho na watu wanaoruka juu ya mapaa kama paka waliofumaniwa jikoni. Vipindi sitini, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Wanaongea Kichina chao, na chini yanapita maandishi ya lugha yetu, yanapita mbio kama mtu aliyeiba kuku.

Mama mkwe alikuwa hayaoni maandishi hayo. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dunia imemgeukia maziwa. Mlango anaujua kwa sababu unang'aa, mimi ananijua kwa kishindo, na televisheni kwake ni moshi wa rangi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na kwa bahati yake mbaya, macho hayo yalikuwa na mdomo.

Nikiri kosa langu mapema nisamehewe mapema. Mimi ni fundi wa kurekebisha. Nguo mpya sishoni. Watu wananiletea zilizoharibiwa na mafundi wengine: suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, gauni linalobana tumboni na kupwaya mgongoni, koti ambalo mkono wa kulia umewekwa kushoto na aliyelishona akapokea sifa. Naishi kwa makosa ya wenzangu. Kutwa nzima natafuta palipokosewa, nafumua, nashona upya. Mtu kama huyo kumweka mbele ya mchezo kama ule ni kumkabidhi fisi bucha.

Na makosa yalikuwepo, jamani, ya kumwaga! Kulikuwa na msichana mpiganaji tuliyembatiza Binti Mikono, maana mikono ya gauni lake ingetosha mapazia ya nyumba nzima. Majina yao halisi yalitushinda. Maandishi yenyewe yaliyaandika leo hivi, kesho vile. Basi Binti Mikono anapigwa upanga, mkono wa kushoto unachanika mpaka kiwikoni. Anageuka, mkono mzima. Anageuka tena, umechanika wa kulia! Adui yake, Ndevu za Gundi, upepo ukivuma ndevu zilibanduka upande mmoja, akaendelea kutisha watu na upande uliobaki. Kijana shujaa, Nywele Ndefu, alianguka kutoka jabalini mara tatu ndani ya vipindi kumi na saba, na mara zote alifika chini nywele zimechanwa vizuri. Na Babu Asiyekufa, mwalimu wao, jina lake lajieleza.

"Wanaruka kwa kamba, Mama. Kamba zenyewe naziona. Nene kama za kuanikia nguo."

"Kamba zako hazinihusu. Amemwambia nini?"

"Amemwambia 'nitakulinda mpaka milima iwe bahari.' Halafu akamwacha peke yake na watu arobaini wenye mapanga."

"Ah, wanaume," akasema mama mkwe, ameridhika kabisa.

Lakini saa kumi na moja kasoro dakika tano, kila siku, ni nani aliyekuwa akiacha pindo la mteja katikati na kukimbilia kuwasha? Mimi. Nani alimwambia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke ambaye watu wazima wanamwogopa, kwamba sketi yake haijawa tayari, wakati ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango imepigwa pasi, ili tu aondoke haraka? Mimi huyo huyo. Nilikuwa nautukana mchezo ule kuanzia wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho, na umeme ulipokatika kwenye kipindi cha kumi na nane nililia machozi ya kweli.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Lazima hili lijulikane. Nilipoingia nyumba hii kama mke wa mwanawe nilikuwa nimeshafua nguo za watu, nimeshauza mitumba juani, nimeshafukuzwa kiwanda cha mashati kwa kosa la kucheka msimamizi akihutubia. Sindano nilijua kuitumia kutolea miiba tu. Mama akanikalisha kwenye cherehani yake, hii hii ninayoikanyaga leo, na rula mkononi. Nikikosea, rula inashuka vidoleni. "Kosa halijifichi," alikuwa akisema, "linasubiri." Na hata wakati ule, macho yamekufa, ukimpa nguo anapitisha kidole gumba juu ya mshono taratibu, halafu anasimama pahala: "Hapa uliwaza mambo mengine." Na kweli, hapo niliwaza mambo mengine.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, anatukuta tunagombana, anaoga, anaondoka akiwa amepumzika.

Sasa shida yenyewe ni hii. Daktari wa macho alisema mtoto wa jicho anatolewa, si jambo kubwa, nusu saa umemaliza. Akasema pia kwamba ukimwacha muda mrefu anakuwa mgumu, na kumtoa kunakuwa kazi nyingine. Akatupa tarehe. Ilipofika, Mama aliumwa tumbo. Akatupa ya pili. Mama akaumwa goti, na sijui goti linahusiana vipi na jicho. Wiki ile ile akajimiminia maji ya moto mkononi akidhani kikombe kiko hapo, kumbe kiko pembeni. Nikimfunga kitambaa kwenye kidonda nikamwambia, "Mama, twende tu. Safari hii ni kikombe, kesho itakuwa ngazi."

Kisha akasema polepole, jambo ambalo si kawaida yake:

"Mke wa mwanangu, mimi sasa hivi naona ukungu. Ukungu si giza. Wakikosea, watanipa giza. Na mimi na wewe tunajua mafundi wanavyokosea."

Mtu aliyekaa miaka arobaini akifumua kazi za mafundi wengine, utamwambiaje amwamini fundi asiyemjua, tena na kisu machoni?

Daktari akatupa tarehe ya tatu, Jumatatu ya wiki ya kumi ya mchezo. Mama akasema hawezi, mchezo haujaisha. "Nikimaliza Upanga, nitakwenda." Nilijua ukiisha Upanga utaanza mwingine, hao hawaishiwi mapanga.

Basi tukafika kipindi cha thelathini na mbili.

Ndevu za Gundi akammwagia Binti Mikono unga wa sumu machoni. Nikasimulia. Binti anapapasa ukuta, anagonga nguzo, haoni. Nikasimulia. Mama akaacha kutikisa mguu. Akatokea tabibu, mzee mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akasema anaweza kumtibu kwa sindano za dhahabu. Binti anaogopa. Anamwambia, na haya niliyasoma neno kwa neno kabla sijayafikiria: "Bado naona kivuli cha mwanga. Ukikosea, utaninyang'anya na hicho."

Mama akashika mikono ya kiti. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Halafu?"

Nikatazama. Muziki ulipanda. Tabibu akachoma sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu mkono ukamtetemeka. Binti akapiga ukelele. Wakamfungua kitambaa, akageuza uso huku na huku, na maandishi yakapita chini: "Giza. Giza tupu."

"Halafu?" akauliza Mama. "Mbona umenyamaza leo? Zipu zimekwisha?"

Nimetembea na maneno mengi maishani, lakini hayo mawili hayakutoka. Nikamtazama yule mwanamke aliyenipiga rula mpaka nikawa mtu, ameegemea mbele na macho yake ya maziwa, anamsubiri tabibu.

"Anaona," nikasema.

"Anaona?"

"Anaona, Mama. Ameona mshumaa, ameona uso wa Nywele Ndefu. Analia kwa furaha."

Mama akashusha pumzi ndefu mpaka pazia likacheza. "Mbona muziki ni wa msiba?"

"Ndiyo furaha yao hiyo. Wanafurahi kwa huzuni."

Nilidhani nimeziba tundu moja. Kumbe nimefumua nguo nzima. Maana wale watu, badala ya kunionea huruma na kumponya yule binti kesho yake, waliamua abaki kipofu! Kipindi kwa kipindi, kitambaa cheupe machoni, anapigana kwa kusikia. Anasikia mshale hewani, anainama. Anasikia jasho la adui likidondoka. Na mimi, mwongo wa cherehani, nilitakiwa kila jioni nimweleze mama mkwe mambo yanayolingana na sauti anazozisikia.

"Hiyo tok-tok-tok ni nini?"

"Fimbo. Amepewa fimbo ya uongozi."

"Mbona anaigonga kila hatua?"

"Mamlaka, Mama. Anawakumbusha."

"Na hawa mbona wanamnong'oneza neno moja, mara mbili mbili? Hilo neno la Kichina nimeshalizoea, wanalisema kila akifika barazani."

"Ni… ni cheo," nikajibu, na chini maandishi yalikuwa yanasema "ngazi, ngazi."

Nilikuwa natoka jasho kuliko wapiganaji. Na kama mjuavyo, ukishashika mkasi mkono haukai. Nikaanza kurekebisha na mengine. Babu Asiyekufa alipokufa mara ya tatu na kufufuka bila maelezo, mimi nikampa pacha. Nywele Ndefu alipomwacha binti peke yake kwa mara nyingine, nikamvunja mguu, ili awe na sababu. Ndevu za Gundi nikampa utoto mgumu. Mchezo wangu ulikuwa mzuri, nasema kweli, haukuwa na uzi hata mmoja unaoning'inia. Mama alisikiliza, akaitikia, mara moja moja akakunja uso na kusugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, kama anapapasa kitambaa. Sikulizingatia hilo.

Kipindi cha arobaini na moja kilipoisha akasema ghafla: "Yule binti alivumilia sindano tatu."

"Alivumilia, Mama."

"Na mimi ni mtu mzima. Mwambie daktari nitakwenda Jumatatu hiyo aliyosema."

Niliingia jikoni nikacheza peke yangu mbele ya birika.

Jumamosi, siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu, akaja msusi. Msusi ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye saluni. Alikuwa kwa bintiye aliyejifungua, amekaa huko wiki sita, na amerudi na kiuno kipya. Alileta gauni nilitanue. Nilikuwa magotini, pini saba mdomoni, nazungusha futi kwenye mwili wake, yaani nimezibwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja.

"Mama," akamwambia mama mkwe kwa ile sauti yake ya kuvuka barabara, "Upanga mnaufuata? Mimi huko kwa mwanangu sijakosa hata siku moja. Yule kipofu jana alivyowapiga! Watu thelathini, kwa masikio tu!"

"Mmmh! Mmmh!" nikasema kupitia pini.

"Kipofu yupi?" akauliza Mama.

"Si yule msichana wa mikono mirefu! Aliyepofushwa na tabibu. Mwenye kitambaa na fimbo. Yaani nilimlaani yule mzee na sindano zake mpaka mwanangu akanifukuza sebuleni, eti naamsha mtoto." Akanitazama chini. "Wee, mbona unanichoma?"

Nilimchoma kwa makusudi na nilikuwa tayari kurudia, lakini maji yalikwisha mwagika. Mama mkwe alinyoosha mkono akatafuta ukuta, akaupata, akaufuata mpaka chumbani kwake. Mlango ukafungwa taratibu. Ingekuwa ameubamiza ningefurahi.

"Nimesema nini?" akanong'ona msusi.

"Umesema kweli," nikamjibu, "na gauni lako litakuwa tayari mwaka kesho."

Nilimpelekea chai, ikapoa mlangoni. Nikampelekea nyingine. Mchana ukapita. Saa kumi hivi nikachoka kuwa mstaarabu, nikaingia bila kubisha. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, mikono mapajani.

"Mama, nisamehe."

"Vipindi vingapi?"

"Vipindi… vya nini?"

"Usijifanye mjinga, sikukufundisha ujinga. Umenishonea vipindi vingapi vya bandia?"

Nikahesabu. "Kumi na vinne. Kuanzia cha thelathini na mbili."

"Na pacha wa Babu?"

"Wa kwangu."

"Mguu wa Nywele Ndefu?"

"Mzima kabisa. Hana sababu yoyote."

Akacheka kidogo puani, kicheko kibaya. "Nilihisi mshono. Pale pale, kipindi kile. Muziki wa msiba na maneno ya harusi. Nikapitisha kidole, nikasema hapa kuna mtu amewaza mambo mengine. Nikadhani ni wale waandishi wao, si ndio kila siku unawatukana? Kumbe ni wewe."

"Niliogopa, Mama. Ungesikia vile usingekwenda."

"Kwa hiyo ukaona unipeleke hospitali kwa uongo. Kama mbuzi anayeonyeshwa majani." Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Unajua kipofu ni nani? Si asiyeona. Kipofu ni yule ambaye watu wanaamua wamwambie nini! Hata giza sijalipata, umeshanitangulia kunipa!"

Nimepigwa na maisha makofi ya kila saizi, lakini lile lilitua. Nikakaa sakafuni. Hapakuwa na utani uliokuja, na mimi utani huja hata msibani.

Nje msusi alikuwa anaimba kinyonge, anasikiliza ukutani, namjua.

"Haya," akasema Mama mwishowe. "Simulia. Kweli kweli. Tabibu alikosea?"

"Alikosea. Sindano ya tatu. Mkono ulitetemeka."

"Na yule mtoto akabaki giza."

"Giza tupu."

"Halafu akafanyaje? Akalala akalia?"

"Siku moja. Kipindi cha thelathini na tatu chote alilia, nilikuambia anaimba. Halafu Babu akampeleka msitu wa mianzi, akamwambia asikilize majani. Alianguka, Mama. Aligonga kila mwanzi. Mianzi yenyewe ni ya plastiki, mmoja ulidondoka mzima, lakini aliinuka. Cha thelathini na sita akashika mshale hewani. Sasa hivi hakuna anayemweza. Wenye macho wote wanapigwa. Ndevu za Gundi alikuja na watu thelathini kwenye ukumbi wa giza, amezima taa ili awe na faida, mjinga yule, kwa kipofu taa zinahusu nini? Binti akawamaliza wote. Halafu akakaa kwenye ngazi akaomba maji."

Mama alikuwa ameinua uso. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, taratibu, hakikusimama pahala.

"Na hicho," akasema, "ndicho ulichonificha?"

"Ndiyo, Mama."

"Mjinga wewe!" Akatafuta mto, akaupata, akanitupia. Ulinipita, ukaangusha chai ya mlangoni. "Mjinga kabisa! Umenipa pacha, umenipa mguu uliovunjika, umenipa fimbo ya uongozi, ukanificha kipande pekee chenye kitambaa kizuri! Yaani hata fundi akikosea, binti bado anakaa kwenye ngazi anaomba maji! Mimi nilikuwa namhitaji huyo! Yule wako aliyepona nimfanyie nini? Aliyepona hajui kitu!"

"Mama, sikujua—"

"Hukujua kwa sababu ulikuwa unaangalia zipu."

Nikaokota kikombe. Kisha yeye, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza uzi: "Jumatatu uniamshe mapema. Na nguo yangu ya bluu uipige pasi. Nakwenda. Wakipatia, nitarudi nikague kazi zako zote za miaka mitatu ambazo sijaziona. Wakikosea, utaninunulia fimbo, na utaisikia."

Jumatatu tukaenda. Aliingia ameushika mkono wa muuguzi, na kabla mlango haujafungwa nikamsikia anamwuliza daktari, "Mkono wako unatetemeka?" Daktari akacheka. Mama hakucheka, alimshika vidole vya mkono wa kulia, akavipapasa kimoja kimoja kama anakagua mshono, ndipo akalala. Mimi nilikaa kwenye benchi nikafumua pindo la sketi yangu mwenyewe na kulishona tena. Mara mbili. Nusu saa ile ilikuwa na saa tatu ndani yake.

Kesho yake wakamtoa kinga ya jicho la kwanza, la pili likapangiwa wiki iliyofuata. Akapepesa. Akanitazama kutoka juu hadi chini, muda mrefu, machozi yanamtiririka, na mimi yananitiririka, nasubiri neno.

"Kumbe umenenepa," akasema.

Mwanamke yule sasa hashikiki. Alipofika nyumbani aliuliza ni nani aliyepaka ukuta rangi ile na kama ameshakamatwa. Alivuta sketi nyingine ya mwalimu mkuu, akailaza mapajani, jicho moja amelifumba. "Pindo hili linapanda mlima." Nikafumua. Wiki nzima nikafumua. Jicho la pili lilipotolewa mtoto wake nilijua nimekwisha: vipindi vya mwisho vya Upanga tuliviangalia na mimi nikiwa nimeinamia kazi za kurudia kama mwanafunzi, yeye akisoma maandishi kwa sauti, polepole mno, anamaliza sentensi wakati aliyeisema ameshakufa.

Mchezo ulipoisha kituo kikaanza kuurudia tangu mwanzo. "Kaa vizuri," akaniambia. "Sasa nitauangalia mimi."

"Mama, huyu mfalme ana zipu!" akapiga kelele mama mkwe, kipindi cha kwanza tu. Siku hizi naye akishtuka ananiita mimi Mama.

"Nilikuambia."

"Nyeupe!"

"Nilikuambia!"

"Na hizi kamba! Jamani, hata hawakuzipaka rangi! Na hizo ndevu… ona, ona, zinabanduka!" Aligeuka kwangu, amekasirika kweli, kama vile ndevu nilizibandika mimi. "Hivi huu ndio ule uliokuwa unanisimulia? Mbona wako ulikuwa mzuri kuliko huu?"

Nikajikuta nautetea. Mimi! "Vumilia, Mama. Unashika moto kuanzia cha kumi."

"Cha kumi! Na hawa wanaopigana nyuma mbona wanacheka? Yule pale anacheka!"

Msusi akaanza kuja kuangalia kwetu, akileta kiti chake na gauni lake lile lile, ambalo hatimaye nimelitanua na yeye amelizidi tena. Tukawa watatu wa kutukana. Wiki sita tulitukana kutoka wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho, na hakuna aliyekosa siku.

Halafu kikafika cha thelathini na mbili.

Msusi alifungua mdomo, nikamwonyesha pini. Tabibu akaja na kofia yake. Binti Mikono akasema yale maneno ya kivuli cha mwanga, na Mama akayasoma kwa sauti ndogo, neno moja moja, hakukosea hata moja. Ikaja sindano ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipogusa ngozi ikapinda kabisa, kama mpira, ikanyooka tena. Kosa kubwa kuliko yote ya mchezo mzima, na mimi nilipoliona mara ya kwanza nilikuwa namwaza Mama, sikupata hata nafasi ya kulicheka.

"Hiyo si dhahabu," akasema Mama, bila kuondoa macho. "Ni plastiki. Imepinda."

"Niliiona, Mama."

"Ulipoiona ulisema?"

"Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama, wewe si ndiye kila siku unaniambia ninyamaze na zipu zangu!"

Wakamfungua binti kitambaa. Akageuza uso huku na huku, mkono mmoja wa gauni umechanika, ule ambao dakika moja nyuma ulikuwa mzima. Machozi yalikuwa yanamshuka mama mkwe mpaka kidevuni, na hakuyafuta, yasije yakamzibia.

"Ule mkono—" nikaanza.

"Nyamaza," akasema. "Naona."